Starlet Inayoalika Harusini

"Nashuka Mpendae kumwona mtu anayetaka kuinunua Starlet yangu, kigari changu cha zamani," mzee aliyejitaja Haroub alimwambia mama aliyekaa naye kwenye basi. "Jumamosi wakwe wanakuja kumchukua binti yangu kwa magari makubwa. Nitaonekana fukara." Mama akauliza, "Kwani inakula mafuta?" "Inanusa tu, Bi Mkubwa! Nimewapeleka watoto sita chuoni kwa hiyo hiyo." "Sasa mbona umepanda basi?" "Shangazi za binti wameichukua, wanazunguka nayo mjini kualika watu harusini."

Mama alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mji mzima umeshaiona, baba! Sasa unamficha nani?" Mimi niliyekaa nyuma yao ningemwambia hivyo hivyo, ila hakuna aliyeniuliza. "Na bibi harusi anataka kupanda gari gani?" mama akaendelea. "Hiyo hiyo," Haroub alijibu polepole.

Basi likasimama Mpendae. Konda aliita mara mbili, na Haroub bado ameketi.