Wastani wa Shule

"Hafukuzwi, mama, anapumzishwa," mwalimu mwenye tai alimweleza mwanamke aliyeketi naye kwenye basi. "Hata shuleni kwangu, siku ya mtihani tunawaomba wale wazito wa kuelewa wabaki nyumbani. Wastani unapanda hadi tisini, wazazi wanafurahi."

"Basi wabakizeni shuleni wawili tu, mtaongoza nchi nzima," mama akasema.

Mwalimu hakukataa. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu.

Mama alikuwa anampeleka binti yake kwa bibi, kama mwalimu mkuu wa shule yake alivyoshauri. Binti alikaa dirishani na sare iliyopigwa pasi, penseli mbili mkononi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba hatafanya mtihani.

"Mama, mtihani si saa nne?" aliuliza. "Mbona tunapitiliza shule?"

"Akipata sifuri si ataumia?" mwalimu alinong'ona.

"Itakuwa sifuri yake. Hiyo tisini yenu ni ya nani?" Mama akagonga bati. "Konda, shusha hapa."

Basi liliposimama, alimshika binti mkono wakashuka. Ng'ambo ya barabara, basi la kurudi lilikuwa linapakia abiria.

"Mtaiharibia shule wastani," mwalimu alisema kupitia dirisha.

"Ndiko tunakokwenda," mama akajibu, wakavuka.