Darasa la Minyoo Liwe Kwangu

Katika gari la kwenda Iguhu niliketi nyuma ya mama mzee aliyepakata ndoo ya minyoo wekundu, wale wa kutengeneza mbolea. Alikuwa akimweleza mwanamke wa kando yake, ambaye hawakujuana naye, kwamba Jumamosi angewafundisha majirani kufuga minyoo hao. Ada hakuna, kila mtu aje na debe lake kuukuu na samadi kidogo.

"Fanyia kanisani, mama," yule mwanamke alishauri. "Viti viko, na ni karibu na barabara."

"Hapana. Ni kwangu."

"Kwako ni mbali?"

"Kuna mlima."

"Basi watakuja watu watatu. Kanisani wangekuja hata hamsini."

"Wa kanisani nawaonanga kila Jumapili. Tangu tumzike mzee wangu, hakuna mtu ameingia kwa lango langu. Hao watatu nitawapikia chai."

Nilijifanya nasoma simu.

"Lakini si unataka watu wajifunze?"

"Watajifunza. Wakikuja."

Gari liliposimama Iguhu, mama alishuka polepole na ndoo yake.

"Bado nasema kanisani," mwenzake alimwambia dirishani.

"Na mimi nasema kwangu. Saa nne. Uliza kwa Mama Roselida ni wapi, utaonyeshwa kwangu."