Sauti ya Bibi Aikaeli: Maisha ya Efraimu Elimringi Njau, 1980–2025

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mliopanda kuja Kirua Vunjo leo: huyu tunayemsindikiza ni Efraimu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elimringi Njau na Mama Ndelilio. Alizaliwa hapa nyumbani tarehe 14 Agosti 1980 na kubatizwa Krismasi ya mwaka huo. Familia imeamua yaandikwe yote, pamoja na kosa lake. Yeye mwenyewe hakulificha, nasi hatuna haki ya kumfichia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza mwaka 1995, kisha sekondari huko Marangu hadi mwaka 1999. Katika miaka hiyo ya utoto ndipo alipoifungua redio ya baba yake. Mzee aliporudi kusikiliza matangazo ya vifo aliikuta kimya.

"Nani ameigusa redio yangu?"

Kaka zake walitazama chini. Efraimu akasema, "Mimi, baba. Nilitaka kuona ilipokosea."

"Kwani ilikuwa imekosea nini?"

"Haikuwa imekosea. Nimeikosesha mimi."

Mzee alicheka, halafu akamchapa. Redio ilipona baada ya wiki moja, kwa mikono ya huyo huyo aliyeiharibu.

Mwaka 2003 alipata stashahada ya teknolojia ya habari jijini Arusha. Alirudi Moshi akatengeneza kompyuta za watu katika chumba cha kupanga mtaa wa Njoro, na mwaka 2011 akaajiriwa na redio ndogo ya jamii mjini. Kazi yake ilikuwa kurekodi sauti na kuzihifadhi. Hakupenda kubofya vialama kwenye skrini. Aliandika amri kwa maneno, herufi nyeupe juu ya weusi. Rahma, mtangazaji waliyefanya kazi chumba kimoja, alikuwa akimtania: "Shemeji, leo tena unaongea na ukuta?"

Naye alikuwa akimjibu: "Ukuta huu haunipendelei. Nikiuliza vibaya, unanijibu vibaya."

Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na Stella, binti wa Kilema. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anaeli na Elifuraha. Hakuwahi kulala nje bila taarifa, na hakunywa mbege kupita kiasi hata kwenye sherehe ambako wengine wetu tulibebwa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu.

Januari 2023 Efraimu alizunguka vijiji vya Vunjo akirekodi wazee. Miongoni mwao alikuwa Bibi Aikaeli, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mwanawe Godbless alikuwa ameuza sehemu ya kihamba, shamba la migomba la familia, bila kumwuliza mama yake, akahamia Holili kufanya biashara ya mpakani, na kwa miaka mingi hakukanyaga nyumbani. Bibi aliomba maneno yake kwa Godbless yarekodiwe. Alizungumza kwa sauti ndogo huku mvua ikipiga bati, na mwezi uliofuata akafariki kabla mwanawe hajafika. Watu walimwambia Godbless kwamba maneno ya mama yake yapo redioni, yanamsubiri.

Machi mwaka huo diski ya redio ilijaa. Efraimu akaamua kuyabana mafaili ya wazee katika furushi moja ili yapungue ukubwa. Amri ya kufungasha ina mpangilio wake: unaitaja amri, kisha jina la furushi jipya, ndipo mafaili yatakayoingia. Siku hiyo aliharakisha. Jina la furushi alilisahau, akaweka tu alama ya kuchukua mafaili yote. Kompyuta haikuuliza. Ililichukua faili la kwanza kwa alfabeti, ikafuta kilichokuwemo, ikalifanya ndilo furushi. La kwanza lilikuwa la Aikaeli.

Rahma alipotaka kulisikiliza, halikufunguka. Efraimu aliiuliza mashine hili ni faili la aina gani, ikajibu kwamba si sauti, ni furushi lililobanwa. Rahma anasema alimwona akitabasamu, kwa kuwa furushi hufunguliwa. Akalifungua. Wakatoka wazee wote, mmoja mmoja, mpaka Bibi Sophia wa mwisho. Ndani ya jina la Aikaeli walikuwamo wenzake wote, na yeye hayumo.

Kanuni aliyowafundisha wengine ni kutofuta nakala ya akiba kabla furushi halijajaribiwa. Kadi ya kinasa sauti alikuwa ameifuta mwenyewe asubuhi ile. Aliizima kompyuta mara moja ili kisiandikwe kitu kingine juu yake, akaichambua diski kwa wiki kadhaa. Alichookoa ni mvua juu ya bati na mtu akikohoa.

Mkubwa wake wa kazi, ambaye hatutamtaja mbele ya kaburi, alimshauri aseme umeme ulikatika ukaharibu mtambo. Wangapi kati yetu tungekataa? Umeme hukatika kweli, na hakuna ambaye angekwenda kuuliza. Efraimu hakusubiri kuulizwa. Alikata kitawi cha sale, ambalo kwetu hupelekwa kwa mtu uliyemkosea kuomba msamaha, akaenda Holili pamoja na Rahma. Rahma ndiye aliyetusimulia.

"Shikamoo, kaka," alisema Efraimu akimkabidhi sale.

"Marahaba. Umeniletea mama?"

"Kaka, sauti ya mama nimeifuta. Niliandika amri vibaya. Si mashine, ni mimi."

Godbless alikaa juu ya gunia la mahindi. Akasema, "Basi niambie wewe. Ulikaa naye. Alinisamehe?"

"Neno hilo sikulisikia."

"Alisema nini sasa?"

"Alikutaja jina. Akataja mgomba wa mlangoni, kwamba upewe maji. Mengine sikuyashika, kaka. Nilikuwa nimevaa hedifoni nikichunga mvua isizidi sauti yake. Nilijua maneno yamo ndani ya kinasa."

"Fundi, sema tu ndiyo. Utapungukiwa nini?"

"Nitakuwa nimemtilia mama yako maneno mdomoni, na hawezi kuyakana."

Godbless alimrudishia sale lake. "Nenda nalo. Usirudi hapa."

Sale kukataliwa si jambo dogo kwetu. Efraimu alirudi nalo hadi Njoro akiwa amelishika mkononi, na Stella akalichomeka ardhini nyuma ya jiko. Juni 2023 aliachishwa kazi. Akarudi kutengeneza simu na kompyuta nyumbani, na wateja walikuwa wachache, kwa kuwa mjini alikwisha kuitwa "yule aliyefuta mama wa mtu".

Mwanzoni mwa mwaka 2024 chakula kilianza kumkwama. Juni hospitali ilithibitisha saratani ya koo. Alipata mionzi na akafanyiwa upasuaji, lakini ugonjwa uliendelea, na kufikia Pasaka ya mwaka huu sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Hakulalamika, au tuseme hatukumsikia. Mwezi Septemba Stella alimsihi kitandani: "Baba Anaeli, unaondoka. Nikubalie nimpigie Godbless, nimwambie umekumbuka, mama yake alimsamehe. Mtu apate amani, na wewe upate."

Alitikisa kichwa kukataa. Stella akamwuliza tena, na akatikisa tena. Stella ameruhusu jambo hili lisomwe, na anasema siku ile alimkasirikia sana.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Efraimu alifariki akiwa na miaka arobaini na mitano. Godbless hakuwa amekuja.

Jumatatu vijana walipokuwa wakichimba kaburi hili, Godbless alisimama getini. Wachimbaji waliacha majembe. Alimwendea Stella.

"Shemeji, lile sale lilinyauka?"

"Halikunyauka. Lipo nyuma ya jiko, Njoro."

"Watu wengi wameniambia mama alinisamehe," akasema. "Hawakuwepo. Huyu alikuwepo, akakataa kunidanganya hata nilipomfukuza. Basi lile la mgomba na maji, mama alilisema kweli."

Akaomba ndoo. Akapita mpaka kwenye kihamba cha mama yake, ambapo miaka yote hakufika, na majirani walimwona akimwagilia mgomba wa mlangoni. Jioni alikwenda Njoro, akaling'oa sale na mizizi yake.

Efraimu ameacha mama yake Bibi Ndelilio, mjane wake Stella, watoto wake Anaeli na Elifuraha, dada yake Elinipendo na kaka zake wawili. Mengine aliyoyasema Bibi Aikaeli hatutayajua, na tusijaribu kuyabuni hapa. Kaburi likishafukiwa, kabla ya mashada, sale litapandwa kichwani pake. Atalipanda Godbless.

Mungu, ambaye hakuna sauti iliyompotea, ampe Efraimu pumziko la amani.