Esperansi Manirambona, Si Nibizi: Maisha ya Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

Ndugu, jamaa, majirani na wageni mliotoka mbali: tutaanza na jina. Kwa kawaida jina la marehemu halihitaji maelezo, lakini hili limesumbua watu kwa miaka mingi, na leo asubuhi limesumbua tena hapa hapa msibani.

Marehemu aliitwa Esperansi Manirambona. Baba yake aliitwa Nibizi. Kaka yake anayewasomea anaitwa Anselm Ndayisenga. Ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, na wamenyonya ziwa moja. Kwetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi, mtoto hapewi jina la baba, kwa sababu baba bado analitumia. Kila anayezaliwa hupewa lake, na anapokufa anaondoka nalo. Manirambona maana yake ni Mungu ananiona. Wana Ulyankulu wanayajua haya tangu utotoni na watuvumilie. Yamewekwa kwa ajili ya walioketi mstari wa mbele.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, katika wilaya ambayo siku hizo ilikuwa Urambo na leo ni Kaliua, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nibizi na mama Paskazia, wakulima wa tumbaku. Alianza kuchora kabla ya kuanza shule, kwa mkaa, kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku. Mzee alipoukuta ukuta umejaa, wengi tulitegemea fimbo. Aliutazama kwa muda, akauliza kwa nini kuku yule hana mkia. Esperansi akamwambia aende akamtazame mwenyewe. Ilikuwa kweli. Kuku wetu mwekundu alikuwa na tabia ya kulala kwenye mdomo wa tanuru la bani, na mkia ulikuwa umeungua juzi yake. Mama na watoto hatukuwa tumeona. Mzee akasema mtoto huyu asipigwe, ndiye pekee anayetazama vitu humu ndani.

Tangu siku hiyo kuku asiye na mkia alikuwemo katika kila picha yake. Wachoraji wengine huweka sahihi pembeni. Yeye aliweka kuku popote penye nafasi: nyuma ya mlango, chini ya baiskeli, juu ya paa.

Alisoma shule ya msingi hapa makazini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Walimu wa baiolojia walimpenda kwa sababu alichora moyo na figo ubaoni wakati wao wakipumzika. Somo la sanaa halikuwepo.

Mwaka 1999 shirika moja lilitangaza ufadhili wa kusomea uchoraji wa vitabu vya watoto, chuo pwani, miaka miwili. Usaili ulifanyika Tabora mjini. Esperansi alikwenda kwa baiskeli na lori, na picha zake ndani ya gunia la tumbaku ili zisilowe. Picha zilipita. Majina ndiyo hayakupita. Afisa alimuuliza baba yake ni nani, akamjibu ni Nibizi. Akamuuliza yeye ni nani, akasema Manirambona. Afisa akaweka kalamu chini.

"Dada, una uhakika huyu ni baba yako?"

"Mama ndiye anajua. Anasema ndiye."

"Basi andika Nibizi, tumalize. Kuna watu nje."

"Hilo ni lake. Analitumia."

Aliambiwa aende nyumbani akatafakari. Alirudi, akamweleza mzee, na watu wengi, pamoja na kaka yake anayesoma hapa, walimshauri aandike tu, chuo ni chuo. Mzee Nibizi alikataa. Alisema, "Jina langu nimepewa mimi. Nikikupa wewe, nitaitwa nani? Na lile nililokupa nitampa nani?" Esperansi hakurudi mjini. Nafasi yake alipewa kijana ambaye majina yake yalifanana vizuri na ya baba yake. Tunasikia baadaye aliingia biashara ya vipuri.

Mwaka 2001 alihamia Tabora, akaanza kuandika mabango: saluni, bucha, maduka ya dawa, magari ya maji. Mwaka 2004 alifunga ndoa na Venansi, fundi baiskeli, kijana mtaratibu aliyekuwa akisafirisha asali kutoka Sikonge. Walipanga chumba Itetemia, huko Tabora, kisha wakajenga huko huko. Walijaliwa watoto wawili, Stela Nzeyimana na Modest Irakoze. Ndiyo, wageni wetu, baba mmoja, mama mmoja.

Huko Itetemia alikutana na Bi Mwanamkuu Shaban, mwenye chekechea, mtu wa mjini kwa vizazi vingi, ambaye yupo hapa leo. Bi Mwanamkuu alimpa kuta nne za darasa achore apendavyo. Watoto walijifunza kuhesabu kwa kutafuta kuku. Ndipo Esperansi alipoanza kuchora vitabu: watoto wenye sweta za shule na ndala, nyumba za tofali na bati, mizinga ya asali, mabani yanayotoa moshi, treni ikiingia stesheni huku mama mmoja akikimbia na beseni la karanga.

Ilipofika hapo, marehemu alikutana na kitu kinachoitwa fursa. Tunaomba radhi kwa kulitamka neno hili mbele ya jeneza.

Fursa ya kwanza ilikuwa shindano la kitaifa la wachoraji wa vitabu vya watoto. Lilikuwa la raia tu. Sisi tuliozaliwa hapa, tukasoma hapa, tukalima tumbaku ya hapa, wakati huo hatukuwa bado raia. Akasubiri. Cheti chake cha uraia alikipokea Desemba 2014, akashangilia, akapeleka picha wiki hiyo hiyo. Akajibiwa kwamba shindano ni la vijana wasiozidi miaka thelathini na mitano. Alikuwa ameizidi kwa miezi tisa. Tanzania ilimpokea rasmi akiwa mzee.

Fursa ya pili ilikuwa warsha ya siku tatu, ambapo wachoraji walifundishwa jinsi ya kuomba fursa nyingine. Fursa ya tatu ilikuwa kampuni iliyotaka picha ishirini za majaribio, bure, ili ijiridhishe. Ilijiridhisha, ikanyamaza. Ya nne ilikuwa kuchora kitabu kizima kwa ujira wa kujulikana. Venansi aliuliza kama kujulikana kunapikwa na chumvi au bila chumvi.

Mwaka 2017 Taasisi ya Kurasa Njema ya Dar es Salaam ilitangaza shindano lisilo na kikomo cha umri. Esperansi alipeleka picha kumi na mbili za kitabu kuhusu msichana anayesafiri na bibi yake kwa baiskeli kutoka Sikonge hadi Tabora kuuza asali. Majaji walimrudishia maoni. Walisema picha hazina Uafrika wa kutosha. Waliona bati, waliona sweta. Walipendekeza nyumba za nyasi, mzee chini ya mbuyu, jua likizama, na ikiwezekana minazi na bahari kwa mbali. Bahari, Sikonge. Esperansi alisoma maoni yale mara mbili, akatoka nje kuangalia yuko bara gani. Alirudi ndani akasema bati bado lipo. Hakubadilisha kitu, na hakushinda.

Miaka miwili baadaye Bi Mwanamkuu alinunua vitabu vipya vya hadithi kwa ajili ya chekechea yake. Jioni hiyo alifika kwa Esperansi na kimoja mkononi, hata hodi hakupiga.

"Mama Stela, huyu kuku wako anafanya nini kwenye kitabu cha watu?"

Zilikuwa zile zile picha kumi na mbili. Jina alilokuwa ameandika kwa herufi ndogo chini ya kila picha lilikuwa limefutwa kwa ustadi. Kuku walimwacha, kila ukurasa. Walidhani ni mambo ya kijijini. Mbele ya kitabu yalikuwepo majina ya mwandishi, mhariri, mkurugenzi, mfadhili na mtu aliyesanifu maandishi. Mchoraji hakuwepo. Kitabu kilikuwa kimejichora.

Esperansi alipanda treni kwenda Dar es Salaam. Tunataka ieleweke kwamba hakwenda kudai fedha; shemeji zake walimtaka adai, akakataa, akasema atadai kitu kimoja ili wasipate pa kuchanganyia. Ofisini alionyeshwa sharti linalosema kila kazi iliyowasilishwa ni mali ya mwandaaji. Akasema sawa, picha ni zenu, andikeni tu aliyechora. Ofisa aliyempokea, mtu mpole mwenye kiyoyozi, alimwambia majina yake yangewachanganya watoto. Esperansi akamjibu kwamba watoto wa Itetemia wanamjua hadi kuku wake. Akaahidiwa jina litawekwa katika toleo la pili.

Waungwana wale walitimiza ahadi. Toleo la pili lilitoka mwaka 2021, na mbele limeandikwa: Michoro, E. Nibizi. Mtu fulani alifungua faili la shindano la 2017, akaona jina la baba kwenye fomu, akaona huyu mama hajui kujaza majina yake, akamsaidia. Mzee Nibizi alikuwa amefariki mwaka 2009. Katika uhai wake hakuwahi kuchora kitu isipokuwa mpaka wa shamba, kwa kisigino. Sasa alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, anayesomwa nchi nzima. Marehemu alicheka siku hiyo hadi akakaa chini. Kesho yake alitafuta karatasi.

Aliandika kuwasahihisha. Walimshukuru kwa mrejesho.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kuumwa, na ikagundulika ni saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Tabora na baadaye Mwanza. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi yake, ambao walimletea karatasi, na ambao wodi yao kwa sasa ina kuku wengi. Akiwa kitandani alipigiwa simu na Kurasa Njema. Walimpa fursa ya kuwa jaji wa shindano lao jipya, kwa kujitolea. Aliwauliza kama majaji huwa wanaandikwa majina. Wakasema ndiyo. Akasema, "Basi mwandikeni baba, ana nafasi," akakata simu.

Wiki za mwisho alirudi nyumbani Itetemia. Alimwita kaka yake, akamwambia maneno ambayo ndiyo sababu ya wasifu huu kuwa mrefu.

"Kaka, mtanilaza Ulyankulu, pembeni ya baba. Sawa. Lakini msikubali wanizike na jina lake. Baba ana kaburi lake."

Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Venansi akiwa ameshika mkono wake wa kuchorea.

Sasa tufike asubuhi ya leo. Wageni kutoka Kurasa Njema wamesafiri mbali, kwa barabara mnayoijua, na tunawashukuru kwa hilo bila kinyongo. Wamekuja na shada la maua na bango, ambalo lilifungwa mbele ya hema hili wakati familia ikiwa kwenye sala. Bango linatangaza Tuzo ya Esperansi Nibizi kwa Wachoraji Chipukizi. Wenye miaka isiyozidi ishirini na mitano. Washindi watapata cheti na fursa ya kujulikana. Kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji.

Familia haijaikubali tuzo hii. Haikuulizwa. Tulikaa kidogo jikoni, na hili ndilo jibu letu, limeandikwa ili lisije likasaidiwa. Jina la mzee Nibizi lirudishwe kwa mwenyewe. Yuko hapo kushoto, chini ya msalaba wa pili. Jina la Manirambona liwekwe kwenye kitabu ambacho Manirambona amechora. Hilo likifanyika tutazungumza kuhusu mengine. Kabla ya hapo, jina la marehemu lisiwekwe kwenye kitu chochote kinachochukua picha za watoto wa watu. Bango likunjwe kabla jeneza halijashuka. Vijana wa Itetemia wameshasimama karibu na kamba, lakini tungependa walifungue waliolifunga.

Tunangoja.

Ahsanteni kwa kulikunja wenyewe.

Msalaba wa marehemu umeandikwa na Sadiki, aliyejifunza kuandika mabango kwake, na umeandikwa sawasawa, jina lote. Chini kabisa, karibu na udongo, Sadiki ameongeza kuku. Padre aliuliza yule ni nini, akaambiwa ni sahihi.

Esperansi ameacha mume, Venansi; watoto, Stela Nzeyimana na Modest Irakoze; mama mzazi, Paskazia; kaka, Anselm Ndayisenga, na ndugu wengine watatu, kila mmoja na jina lake; rafiki, Mwanamkuu Shaban; kuta nne za chekechea; na kitabu kimoja kilichoko katika shule nyingi za nchi hii. Mkikipata, mfungulieni mtoto ukurasa wowote, mwambieni atafute kuku. Akimwona, mwambieni jina la aliyemchora, mlitamke taratibu, hadi alishike.

Lala salama, dada. Ulisema Mungu anakuona, nasi hatukuwahi kusikia kwamba Yeye aliuliza jina la ukoo.