Mwalimu Aliyefuta Uthibitisho Wake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sisimizi, jina alilopewa na wanafunzi wake, na ambalo alilipenda kuliko cheo chochote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu kati ya watano wa mshona nguo na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na baba alipenda kusimulia kwamba hata kabla hajajua kusoma, alijua kuvipanga vipande vya shati juu ya kitambaa hadi kikabaki cha kutosha kaptula.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, sekondari mwaka 1968, akaingia chuo kikuu mwaka 1974, msichana pekee katika darasa la hisabati la watu thelathini na mmoja, akahitimu mwaka 1977 akiwa wa kwanza, akabaki hapohapo kufundisha, na Novemba 1984 akapata shahada ya uzamivu.

Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa mabinti wawili, na wakweze walipouliza mkamwana wao anafanya kazi gani hasa, aliwajibu, "Mwenzangu anaziba mabomba yanayovuja, mimi naziba hoja zinazovuja."

Mwaka 1996 alianza utafiti wa kuwaiga sisimizi katika kutafuta njia bora, kwa maana wao hawana ramani wala msimamizi, kila mmoja huacha harufu apitapo, na njia fupi hupitiwa mara nyingi, ikanukia zaidi, mwishowe wote wakaifuata. Wenzake walikwisha kuifundisha kompyuta mbinu hiyo, ila yeye alitaka kuthibitisha kwa hisabati tupu kwamba itaifikia kweli njia bora, si kwa kubahatisha, na nyumbani ikawa marufuku kufuta msafara wa sisimizi kwenye sinki kabla hajautazama.

Uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 2000, akasifiwa sana, na uprofesa ukawa mlangoni. Tarehe 12 Juni 2001, wiki moja kabla ya kikao cha kupandisha vyeo, alipokuwa akiueleza ubaoni mbele ya ukumbi uliojaa, mwanafunzi wake wa uzamivu alisimama, akasema, "Samahani Mwalimu, mstari wa saba hautokani na wa sita." Mkuu wa idara alimwashiria binti yule aketi, lakini marehemu akasema, "Mwache," akaisoma upya mistari yote miwili, kisha akachukua kifutio. "Ni kweli. Nimekosea mimi."

Wapo waliomsihi anyamaze wiki moja tu, akawaambia hesabu haijui cheo, na siku hiyohiyo akaliandikia jarida kuiondoa makala yake, na cheo akanyimwa. Mabinti zake wanakumbuka alijifungia bafuni akalia, na kesho yake akamwita yule mwanafunzi ofisini, wakaanza upya, miaka minne wakiandika na kuchana, hadi Septemba 2005 ulipotoka uthibitisho usiovuja, jina la mwanafunzi likitangulia la mwalimu. Mwaka uliofuata akawa profesa.

Kuanzia mwaka 2011 aliifundisha kompyuta ya hospitali kujifunza, kutokana na safari za nyuma, barabara ipi hufungwa na foleni saa ngapi, na muda wa gari la wagonjwa kufika ukashuka kutoka dakika thelathini na moja hadi kumi na tisa, hata madereva wakawa wakimwona njiani wanampigia honi za salamu.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa kwa moyo mkuu huku akisahihisha tasnifu kitandani, na tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akaaga dunia akiwa na miaka sabini, ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliotupikia na kutufulia, wahadhiri wenzake, madereva wa magari ya wagonjwa, na yule mwanafunzi, ambaye leo ndiye mkuu wa idara, aliyemsomea marehemu kurasa za tasnifu macho yake yalipodhoofika.

Dada, uliishi wima, nasi tunakulaza kwa fahari. Pumzika kwa amani.