Januarius Mayala Masunga (1969–2025): Karani Aliyerudisha Magunia

Marehemu Januarius Mayala Masunga alizaliwa tarehe 14 Septemba 1969 kijijini Lingeka, Meatu, mtoto wa tatu wa mzee Mayala Masunga na mama Minza. Alisoma Shule ya Msingi Lingeka, kisha sekondari mjini Shinyanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1988.

Mwaka 1990 chama cha ushirika kilimwajiri kuwa karani wa mizani ya pamba. Msimu wa 1998 aligundua jioni kwamba mizani ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Alipanda baiskeli, akawafuata wakulima wote majumbani, baba yake akiwemo.

"Baba, turudi tukapime upya. Nimekosea."

"Umenipunguzia?"

"Nimekuzidishia."

"Basi hujakosea, mwanangu. Nenda kalale."

Mzee alirudisha gunia kufidia kilo zilizozidi, akinung'unika njia nzima.

Tarehe 9 Desemba 1995 marehemu alifunga ndoa kanisani Bariadi na Mwalimu Stephania Magese. Walijenga Somanda, wakasomesha watoto watatu hadi chuo. Nyumba hii haijawahi kuitwa barazani kwa kesi yoyote.

Kifo chake hatujakielewa hata sasa. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuwa juu ya paa akipigilia bati. Jumamosi tarehe 8 Februari mtamba wake alianza kutetemeka, akaanguka. Jirani yetu Tajudin, ambaye huchinja hapa nyumbani ili watu wa dini zote wale, alikuwa mnadani. Marehemu alihofia mnyama asije akafa akawa kibudu. Akachukua kisu mwenyewe, akachinja, akachuna, huku kidole gumba kikiwa na mchubuko wa bati. Akagawa mafungu kwa majirani.

Tajudin aliporudi alimtania: "Baba Joyness, umeninyima kisu, sasa unanipa mchuzi?"

"Mnadani kuna ng'ombe tele, umekuja kumlilia huyu mmoja?"

Walicheka. Tajudin hakuchukua fungu.

Kidole kikatoa kipele, kikawa kidonda cheusi katikati. Mkewe alimsihi aende hospitali. "Hakiniumi, Mama Joyness. Nikatibu nini?" Mkono ulipovimba hadi begani na homa kupanda, alipelekwa hospitali. Alifariki Jumatatu tarehe 17 Februari 2025. Madaktari walisema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa binadamu kupitia damu, ngozi na nyama. Kidonda kidogo kama punje ya maharage!

Tumesikia minong'ono. Marehemu hakurogwa, wala hakulishwa sumu. Hakuwagawia watu kibudu. Alichinja mnyama aliye hai, akaamini anatoa kitu chema. Jeneza halitafunguliwa kwa agizo la madaktari, si kwa aibu.

Ila nyama ile bado imeanikwa katika baadhi ya nyumba. Msiiguse, msiipike, msiwape mbwa. Afisa mifugo, Bi. Eufrasia, ameketi pale mwisho wa turubai. Mwonyesheni nyumba zenu aje kuichukua. Mliokula au kuishika nendeni hospitali leo, msingoje homa. Dawa ipo ukiwahi.

Angekuwa hai angewafuata mmoja mmoja kwa baiskeli. Haya ndiyo mafungu ya mwisho aliyogawa, naye angetaka yarudi.

Ameacha mama yake, mjane, watoto Joyness, Magese na Salu, na wajukuu wanne.

Pumzika kwa amani, Ngosha, mwanamume wetu. Mafungu tunayarudisha sisi.