Kipimajoto na Shafti ya Mashine ya Pili

Ndugu waombolezaji, yapo mambo ambayo mashahidi wote wamekubaliana: kwamba marehemu alianguka asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, kando ya mashine ya pili ya kiwanda cha kusaga nafaka, kwamba mkono wake ulikuwa umetoka kuigusa beringi ya mashine hiyo muda huo huo, na kwamba mashine hiyo ingali inazunguka saa hii tunapomuaga. Yaliyobaki yana ubishi, na familia imeyapima kabla ya kuyaleta mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, akiwa kitindamimba wa seremala na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha chuo cha ufundi hadi Desemba 1981, ambako mwalimu wa mitambo alimzoeza kuandika kila siku alichokiona kabla ya alichokidhania.

Aliajiriwa kiwandani tarehe 1 Machi 1982, na maisha yake yote ya kazi alikuwa na desturi ya kugusa kwa mgongo wa kiganja kila beringi, mahali shingo ya shafti, yaani mhimili wa mashine, inapozungukia, kwa kuwa, alivyodai, ngozi ya huko haijafa ganzi kwa kazi. Wenzake wakambatiza jina la Kipimajoto, na alipofunga ndoa tarehe 17 Septemba 1988 wakamtania kwamba bibi harusi naye ataguswa hivyo hivyo kabla ya kusalimiwa, jambo ambalo mjane wake, aliyeketi hapa mbele, hajawahi kulikanusha. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza mwalimu, wa pili binti aliyemfuata baba yake kiwandani mwaka 2019, wakapangwa zamu moja.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, marehemu aliandika katika kitabu cha zamu kwamba shingo ya shafti ya mashine ya pili inachemka. Mhandisi alifika, akasoma kipimo, akaandika chini yake kwamba joto ni la kawaida, na jarida la kiwanda la mwezi Aprili likatoa picha ya marehemu kando ya mashine hiyo, likiisifu kwamba haijawahi kusimama. Nyumbani, katika shajara ambayo miaka yote ilijaa mvua, homa za watoto na ugomvi wa majirani, tangu siku hiyo kuna sentensi moja tu, ikirudiwa kila jioni, kwamba bado ina joto.

Haki inatutaka tukiri kwamba maandishi haya hayana uzito sawa. Jarida liliandikwa na mtu ambaye hakuigusa mashine, kipimo hakina sababu ya kudanganya, ingawa kimefungwa kwenye kifuniko cha beringi na si kwenye shingo yenyewe, na marehemu alikwisha kuwa mtu wa hofu, aliyekonda, aliyeshtuka hata kifuniko cha sufuria kikianguka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini methali si ushahidi. Binti anasema aliigusa beringi mara moja tu, akautoa mkono haraka, na hadi leo hajui kama kilichomuunguza ni chuma au uso wa baba yake.

Madaktari walithibitisha ugonjwa wa moyo, na familia haina sababu ya kuwapinga. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nane mchana, baada ya kumwambia binti yake, muuguzi akisikia, “Mama, ukiingia zamu, usisimame upande wa mkanda.” Huo ndio upande ambao mkanda huruka shafti ikikatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupatia viti na vyumba vyao, wafanyakazi wenzake waliofika wakiwa bado na unga mabegani, na mhandisi, aliyeketi safu ya tatu, kwa kuja.

Kipimajoto wetu, zamu yako imekwisha, pumzika kwa amani. Zamu ya binti ni Jumatatu, mashine ya pili. Mwenye mamlaka ya kuizima, na yeyote mwenye shaka, apite kiwandani kabla ya siku hiyo, aweke mgongo wa kiganja pale marehemu alipouweka, kisha ahukumu mwenyewe.